Uongo wa Mlangoni pa Shule

Kila mwaka, Sikukuu ya Noeli ikiisha kupita, nyumba nyingi za Tanzania na Kenya huingia katika shughuli ya namna moja. Baba huhesabu fedha zilizobaki; mama huipima sweta ya kaka mgongoni mwa mdogo wake aone kama itamfaa; na barazani cherehani za mafundi hazinyamazi mpaka usiku, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari, na kila mzazi ataka sare ya mwanawe iwe tayari Jumatatu ile ile. Ni kweli kwamba ada haidaiwi tena katika shule za msingi za serikali, Kenya tangu mwaka 2003, na Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini serikali iliondoa ada. Haikumwondoa fundi cherehani, wala muuza viatu, wala muuza madaftari. Kwa hiyo twawasifu wazazi wanaojinyima ili mtoto asiende shuleni na aibu ya nguo iliyotatuka.

Hata hivyo, leo hatutaki kuzungumza juu ya nguo. Twataka kuzungumza juu ya maneno: yale ambayo baba na mama humwambia mtoto mdogo katika siku zile za mwisho kabla ya shule, na hasa yale anayoambiwa asubuhi ya siku ya kwanza, akiisha kufika mlangoni.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni pa shule moja ya msingi nikimngoja mwalimu niliyekuwa na haja naye. Ilikuwa siku ya kufungua. Mama mmoja alifika na mtoto wake wa kiume, wa miaka kama mitano hivi, amevaa shati jeupe lililomfika magotini, naye ameshika upindo wa kanga ya mama kwa mikono yote miwili. Mama akainama, akamwambia: “Baba, ningoje hapa hapa barazani. Nakwenda dukani kukununulia andazi, narudi sasa hivi.” Mtoto akaiachia kanga. Mama akaondoka upesi bila kugeuka nyuma, wala hakushika njia ya dukani. Alishika njia ya sokoni, kwa kuwa kapu lake la nyanya alikuwa amelificha nyuma ya ua wa shule.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na mwalimu. Kengele ikapigwa, nayo ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni. Watoto wakapanga mistari. Mwalimu akaja kumshika mkono yule mdogo, naye akakataa. Hakulia. Alisema tu, “Namngoja mama, kaenda dukani.” Saa nne uji ulipogawiwa alikikataa kikombe chake, kwa sababu alikuwa na ahadi ya andazi. Alisimama pale barazani, penye jua, mpaka karibu saa sita.

Je, mama huyu alikosa? Najua kwamba wasomaji wengi watatabasamu, tena watasema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikwa gazetini. Nani asiyepata kumdanganya mtoto? Mtoto huambiwa kwamba dawa ni tamu, kwamba sindano haiumi, kwamba paka ndiye aliyekula nyama. Tena mama huyu alikuwa na sababu zenye uzito. Nyanya zisipouzwa asubuhi huozea kapuni, na nyanya zikiozea kapuni hakuna chakula cha jioni, wala hakuna madaftari. Mtoto akianza kulia, mama atasimama pale saa nzima. Na akisimama saa nzima, mwenzake atakuwa amekwisha kuwanasa wateja. Hakusema uongo kwa ubaya wala kwa faida yake peke yake, bali mtoto asome. Mtu atakayemhukumu kwa haraka, aghalabu ni mtu asiyebeba kapu.

Basi tusimhukumu mama. Tulihukumu jambo lenyewe.

Swali hili ni la kale, na mmoja wa walioliwaza kwa kina kuliko wengine alikuwa mwana wa bara letu la Afrika, Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo waitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Juu ya uongo aliandika vitabu viwili, cha kwanza kama mwaka 395 na cha pili kama mwaka 420. Alizigawa namna za uongo zikafika nane, tangu ule mbaya kupita wote mpaka ule unaomfaa mtu bila kumdhuru mwingine. Akakiri kwamba uzito wao si sawa. Lakini hata ule wa mwisho hakukubali kuuita halali. Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne nane baada yake, aliufuata mkondo huo huo, akataja namna tatu: uongo wa kudhuru, uongo wa mzaha, na uongo wa kusaidia. Huo wa kusaidia ndio wa andazi. Thoma afundisha kwamba si dhambi ya mauti. Lakini afundisha pia kwamba ni dhambi, kwa kuwa maneno ya mtu yamewekwa yaonyeshe yaliyo moyoni mwake, na mwenye kusema kinyume cha moyo wake ameyatumia maneno kwa kazi isiyo yao.

Lakini si wote katika Kanisa la kale waliosema hivyo. Yohane Kasiano, mmonaki aliyeishi siku moja na Agostino, katika kitabu chake cha mazungumzo na wazee wa jangwa la Misri, aufananisha uongo na mmea fulani wenye sumu, ambao mganga humpa mgonjwa aliye ukingoni mwa kufa, nao ukamponya. Lakini akiunywa mtu mzima wa afya, wamwua. Nakiri kwamba mfano huu wanivuta. Kuna saa katika maisha ya watu ambapo muuaji amesimama mlangoni akimwuliza aliyejificha yuko wapi, na sitaki kumfundisha mwenye nyumba jinsi ya kumjibu. Lakini tukiukubali mfano wa Kasiano kwa maneno yake yote, yatupasa kuuliza: siku ya kwanza ya shule ni ugonjwa gani? Mtoto anayelia mlangoni hayuko ukingoni mwa kufa. Ana afya. Na dawa hiyo, kwa maneno ya Kasiano mwenyewe, ndiyo imwuayo mwenye afya.

Wengine husema kwa werevu zaidi: uongo ni kumnyima ukweli yule mwenye haki ya kuujua, na mtoto wa miaka mitano hana haki hiyo, maana akili yake haijapevuka. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa sababu Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1992, katika kueleza maana ya uongo ilimtaja mtu mwenye haki ya kuujua ukweli. Lakini katika nakala rasmi ya Kilatini ya mwaka 1997 maneno hayo yaliondolewa. Sasa imebaki kwamba kusema kinyume cha ukweli ili kumpoteza mtu, huo ni uongo, awaye yote mtu huyo. Mlango uliokuwa wazi kidogo ukafungwa, na nadhani ulifungwa kwa haki. Maana kama umri mdogo waondoa haki ya ukweli, tutasema nini juu ya wazee waliochoka akili, na wagonjwa, na wasiojua kusoma?

Tena nadhani hoja ile yapindua mambo chini juu. Mtoto mdogo ana dai kubwa kwetu kuliko mtu mzima, kwa sababu hana njia nyingine. Mtu mzima nikimwambia kwamba duka liko karibu, aweza kwenda kuona. Aweza kumwuliza jirani, aweza kuitazama saa yake. Mtoto hana saa, hana jirani, hajui njia. Analo neno la mama tu, na analiegemea kwa uzito wake wote.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa, nami namwomba msomaji avumilie kidogo. Shule humfundishaje mtoto wa darasa la kwanza? Mwalimu huchora alama ubaoni na kusema, “Hii ni a.” Mtoto hana ushahidi wowote. Hawezi kuthibitisha kwamba alama ile ni a wala si nyingine. Huamini. Huambiwa kwamba baada ya tisa huja kumi, akaamini. Huambiwa kwamba juani kuna moto na kwamba maji machafu yana wadudu wasioonekana kwa macho, akaamini. Kuuliza na kupima kutakuja baadaye, na kuje. Lakini mlango wa elimu yote ni kumsadiki mtu mzima. Agostino alilieleza hili katika kitabu kidogo juu ya faida ya kuamini, alichokiandika kama mwaka 391. Asema kwamba hata baba yetu ni nani twamjua kwa kumsadiki mama, na kwamba tukikataa kuamini lolote tusilolithibitisha, haitabaki heshima wala upendo kati ya wazazi na watoto.

Basi tazama tunalolifanya. Tunamleta mtoto mahali ambapo chombo chake cha kazi, kuliko kalamu na daftari, ni imani kwa wakubwa. Na pale pale mlangoni, dakika ile ile, tunakivunja chombo hicho mkononi mwake. Mtoto wa andazi hakujifunza herufi hata moja siku ile. Alijifunza kwamba mtu mzima akisema “sasa hivi” aweza kuwa na maana ya mchana kutwa. Kesho yake mwalimu alipomwambia, “Ingia, mama atakuja,” kwa nini amsadiki?

Kuna uongo wa pili, ambao kwangu ni mbaya zaidi, ingawa husemwa kwa kicheko. Ni ule wa kumtisha. Wiki mbili kabla ya shule mtoto akimwaga maziwa au akigombana na dada yake, huambiwa: “Ngoja tu, utakwenda shule, mwalimu atakunyoosha.” Maneno haya humtua mzazi mzigo wa kumrudi mtoto wake mwenyewe, akamtwika mtu asiyekuwapo kujitetea. Nimezungumza na walimu wa darasa la kwanza waliosema kwamba mwezi wa Januari huupoteza karibu wote katika kazi hii moja, ya kuwaonyesha watoto kwamba wao si mazimwi. Na ole wetu ikiwa maneno yale si uongo kamili! Kenya ilipiga marufuku adhabu ya fimbo shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zaikubali kwa masharti. Mzazi asiyejua kama mwalimu wa mwanawe huchapa au hachapi, aende akamwulize mwalimu, asimfanye fimbo ya kutishia watoto nyumbani. Yule Agostino, katika kitabu chake cha Maungamo, akumbuka jinsi alivyopigwa shuleni alipokuwa mdogo, akawa anamwomba Mungu kwa moyo wake wote asipigwe. Na wakubwa, hata wazazi wake ambao hawakumtakia baya lolote, waliyacheka mapigo yale. Alipoyaandika hayo alikuwa Askofu, mtu mwenye zaidi ya miaka arobaini, wala kicheko kile alikuwa hajakisahau.

Uongo wa tatu ni ule wa umri. Wazee wetu wakumbuka kipimo cha zamani: mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa mpaka aguse sikio la upande wa pili, akiligusa, aandikwe, asipoligusa, arudi nyumbani akale ugali. Kipimo hicho kilikuwa na makosa yake, lakini angalau mkono haukuweza kusema uongo. Leo huulizwa tarehe. Sera ya elimu ya Tanzania ya mwaka 2014, katika toleo la mwaka 2023, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza. Lakini wapo wazazi waonao mwaka huo kuwa hasara, wakamwongezea mtoto umri aruke. Na wapo waliomchelewesha kwa ajili ya kuchunga mbuzi au kulea mdogo wake, wakampunguzia umri ili asionekane amepitwa. Kisha mtoto hukalishwa kitako jioni na kufundishwa: “Mwalimu akikuuliza, sema una miaka saba.” Hapa hatumdanganyi mtoto tu; twamfanya yeye mwenyewe mwongo, na somo la kwanza analolitoa mbele ya mwalimu ni uongo aliofundishwa na baba yake. Kwa familia nyingi za Kikristo cheti cha ubatizo ndiyo karatasi ya kwanza yenye tarehe ya kuzaliwa kwake. Mtoto huyo huyo, akifika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, atafundishwa Amri ya Nane. Sijui atafanya nini na mambo haya mawili.

Sasa mama wa sokoni ataniuliza, na ana haki: “Bwana, mimi nifanye nini? Nimweleze mtoto wa miaka mitano mashaka yangu yote?” La, sivyo. Agostino na Thoma wote wawili wafundisha kwamba kunyamaza si kusema uongo, na kwamba ni halali kuuficha ukweli kwa busara. Mtoto hana haja ya kuambiwa kwamba fedha za sare zimekopwa, wala kwamba darasa lina watoto mia na mwalimu mmoja, wala kwamba mama mwenyewe ana hofu kuliko yeye. Hayo mzazi aweza kuyabeba kimya, na ni fahari yake kuyabeba. Lakini kati ya kunyamaza na kutaja andazi lisilokuwapo kuna ukuta, nao ni mnene.

Atamwambia yaliyo kweli, kwa kiasi cha mtoto. Kwamba utakaa huko mpaka jua liwe juu ya kichwa. Kwamba mimi nitaondoka, nitakwenda kuuza nyanya, kisha nitakuja. Au, kama siwezi kuja, dada yako aliye darasa la nne atakushika mkono mtarudi pamoja. Kwamba pengine utalia, na kulia si kosa. Kama nyumbani husemwa Kisukuma au Kihaya au Kimakonde, kwamba huko mwalimu atasema Kiswahili, nawe ukitaka kwenda chooni sema hivi. Kisha amfundishe maneno yenyewe, mara tatu, mara kumi. Wasomaji wasicheke. Watoto wengi hujiloweshea nguo mpya siku ya kwanza si kwa ugonjwa wala kwa uzembe, ila kwa kukosa maneno matatu. Tena aage. Aage akionekana, wala asitoroke mtoto akigeuzwa uso. Mtoto aliyeagwa hulia kwa nguvu, nakubali, na mama ataondoka na kilio hicho masikioni mpaka sokoni. Huo ndio mzigo ambao ule uongo ulikuwa unaukwepa. Haukuwa wa mtoto tu.

Yule mama alirudi, nami nafurahi kuliandika hili. Alikuja karibu saa sita, mbio, na kweli alikuwa na andazi, limefungwa katika kipande cha gazeti, limekwisha kupoa. Mtoto akalipokea, hakulila. Akamwuliza, “Mama, duka lilikuwa mbali?” Mwalimu alikuwa karibu akasikia. Ilikuwa rahisi sana kuitikia kwamba naam, lilikuwa mbali, na mambo yakaishia hapo. Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Sikwenda dukani, mwanangu. Nilikwenda kuuza nyanya. Kesho nitakwenda tena, na saa sita nitakuja.” Kesho yake mtoto alilia sana kanga ilipomtoka mkononi, lakini uji wa saa nne alikunywa.

Limebaki neno moja, kwa akina baba. Katika habari hii yote nimemtaja mama, na si kwa bahati. Ndiye niliyemwona mlangoni. Wanaume wengi hudhani kwamba wajibu wao umekwisha wakiisha kulipa fundi. Lakini neno la baba aghalabu ni adimu nyumbani, na kwa sababu ni adimu mtoto hulishika sana. Shule ikiwa bado imefungwa, Jumapili moja baada ya Misa, baba ampeleke mtoto kwa miguu, kwa njia ile ile atakayoipita, amwonyeshe mahali pa kuvuka barabara, na kijito kinachojaa mvua zikinyesha. Amwonyeshe mlango wa darasa, choo, bomba la maji, na mti uliotundikwa rimu, na ikiwezekana amwache aigonge kidogo asikie sauti yake. Kisha amwambie ni nani atakayekuja kumchukua siku ya kwanza, na saa ngapi. Na ikiwa hana hakika kwamba atakuja yeye mwenyewe, asijitaje.